Sahihi ya Mume

Ombi la Rukia lilikataliwa mara ya pili Jumatatu asubuhi, na safari hii msichana wa dirisha la bima alieleza sababu kwa sauti iliyofika hadi benchi la mwisho.

"Mama, hii operesheni ulishafanyiwa. Faili inasema mji wa mimba ulitolewa Januari elfu mbili na nane. Bima haiwezi kulipia kutoa kitu mara mbili."

Watu wa benchi waliinua macho. Rukia aliuvuta mtandio wake mpaka karibu na pua. Mumewe Osman, ambaye dukani kwake mjini Eldoret huuza unga na mchele kwa magunia na hajazoea kuambiwa hapana na mtu wa umri wa mtoto wake, aliinamia dirisha.

"Si mmepewa picha ya juzi? Daktari ameona uvimbe, wamekata kinyama wakapima, wamesema ni kansa. Kansa ya nini kama huko ndani hakuna kitu?"

"Mzee, picha iko." Msichana huyo, Brigid kwa jina, aligonga skrini kwa kalamu. "Inaonyesha mji wa mimba wa mtu. Haionyeshi ni wa nani."

"Na kidole chake? Si kimekubali?"

"Kimekubali sasa. Mwaka wa nane hatukuwa tunaweka vidole. Ama huyu mama si Rukia, ama Rukia wa mwaka wa nane hakuwa Rukia. Mimi siwezi amua. Leteni barua ya daktari aliyepasua, Daktari Kituyi. Na kama kulikuwa na mtu mwingine, huyo mtu aje mwenyewe, aandike maelezo na aweke kidole. Si mimi nimesema, ni sistemu."

Katika nchi yetu, mtu akishakwambia ni sistemu, ujue umekosa hata wa kugombana naye. Osman alikusanya karatasi. Nyuma yake mwanamume mmoja alimwambia jirani yake, bila kujisumbua kunong'ona, "Hawa ndio wanamaliza bima." Rukia alisikia. Aliponyanyuka, Osman alimfuata karibu mno, hatua kwa hatua, hadi nje ya lango, kwa sababu buibui la mkewe lilikuwa limelowa damu nyuma na hakutaka benchi lile lipate jambo la pili la kusema.

* * *

"Nimpigie Nekoye," Osman alisema walipofika nyumbani.

"Usimpigie. Niliapa."

"Mama Hodan, daktari amesema wiki sita. Kiapo gani hicho cha kukupeleka kaburini?"

"Kiapo ni kiapo. Nyongesa akijua, huyo mwanamke ataishi wapi?"

Nekoye alikuwa mke wa Nyongesa, na Nyongesa ndiye dereva wa Canter, lori dogo la Osman, mtu aliyebeba magunia ya duka lile tangu kabla ya vita vya uchaguzi. Januari ile ya mwaka wa nane, Nyongesa alikuwa kwao Kimilili na barabara zote zimefungwa. Nekoye alikuwa Yamumbi, mimba ya miezi minane, mimba yao ya kwanza. Nyumba za ploti yao zilipochomwa alikimbia, akaanguka kwenye mtaro, na waliokuwa wakikimbia nyuma yake wakampita juu. Alifika mlangoni kwa Osman akitambaa.

Uongo haukuanzia hospitalini. Ulianzia kwenye kizuizi cha mawe, mahali ambapo vijana wenye mapanga walikuwa wakitazama vitambulisho na jina la mtu lilitosha kumuua. Rukia alikuwa amemvisha Nekoye buibui lake na kumtia mkononi kitambulisho chake. Kijana alichungulia ndani ya gari, akaona Msomali na mkewe mjamzito, akasogeza jiwe. Walipofika hospitali, makarani wakauliza jina la mgonjwa na kadi ya bima, na Osman akalitoa jina lile lile lililowavusha, na kadi ya Rukia. Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Mji wa mimba ulikuwa umepasuka. Wakaleta fomu ya ruhusa, nayo ilikuwa na mstari mmoja ulioandikwa: sahihi ya mume. Osman akatia sahihi.

Nyongesa aliporudi Machi aliambiwa mtoto alifia tumboni. Hakuambiwa lile lingine. Nekoye aliwapigia magoti, akasema mama mkwe wake hatamweka mwanamke asiye na kizazi hata wiki moja, nao wakaapa. Miaka kumi na saba ikapita hivyo.

* * *

Daktari Kituyi alikuwa mzee sasa, miwani imening'inia kifuani, na wiki ile alikuwa ametoka kuzungumza redioni kuhusu bima mpya. Watu walimpenda redioni kwa sababu hakuzungusha maneno. Alikuwa kwenye kamati ya madaktari iliyoshauri kuhusu kanuni za bima hiyo, na kauli yake aliirudia kila mahali: bima ya zamani iliuawa na kadi za kuazimana, na madaktari waliofumba macho walishika miguu wakati wenzao wakichinja.

Alivaa miwani, akaisoma karatasi ya Brigid, akaiweka mezani, akaisoma tena.

"Hodan alipozaliwa, nilimzalisha Rukia mimi," alisema. "Nilijua huyo si Rukia hata kabla hawajamtoa buibui."

"Basi andika hivyo, Daktari," Osman alisema.

"Ngoja kwanza nikwambie kitu. Usidhani mimi ni mtu wa kuchukia wagonjwa. Nimefanya kazi hospitali ambayo haina glavu kwa sababu bima haijalipa miezi tisa. Haijalipa kwa nini? Kwa sababu kuna mahali mtu mmoja amefanyiwa operesheni ya goti mara nne na ana miguu miwili. Nesi wangu amemshona mwanamke kwa uzi ambao huyo mwanamke mwenyewe alitumwa kununua kwa duka la dawa. Kwa hivyo tulipoitwa kutoa maoni, nilisema: kidole. Kidole hakiazimwi. Na bado nasema hivyo."

"Hatujakataa kidole."

"Tuliandika pia kifungu kimoja." Daktari alivua miwani. "Mwenye kuazimisha kadi anasimamishwa miezi kumi na miwili, hata kama ni kosa la zamani. Wenzangu walitaka tuweke maneno 'isipokuwa kwa dharura.' Mimi ndiye nilikataa. Nilisema kila mwizi ana dharura."

Rukia, aliyeketi kando ya Osman, alicheka kidogo bila furaha. "Kwa hivyo nikinyamaza nimekosa, nikisema ukweli nimekosa."

"Kuna njia ya tatu," Osman alisema haraka. "Andika karani alikosea. Uliondoa uvimbe tu, yeye akaandika mji wa mimba. Makarani wa wakati huo watakuwa wameshastaafu."

Daktari aliivuta tena karatasi ya Brigid. Alifikiria, na tusimpe sifa za uongo: hakufikiria ukweli kwanza, alifikiria jina lake. Kisha akafikiria Hulda, karani wa kumbukumbu wa siku zile, mwenye mwandiko kama wa Biblia, ambaye alikuwa akifuga kuku Soy na kuishi kwa pensheni ndogo. Wakimwita ajibu, atajibu nini?

"Hapana," alisema. "Huyo mama aliandika nilichomwambia aandike. Sitamtupia. Nitaandika ukweli, na nitaeleza ilikuwa vita. Nitawaomba wasitumie hicho kifungu. Mimi ndiye nilikitaka, labda watanisikia nikisema nilikosea. Lakini bila huyo mwanamke kuja na kidole chake, barua yangu ni karatasi ya chooni."

* * *

Hakuna aliyempigia Nekoye. Alikuja mwenyewe Jumatano, kama alivyokuwa akija tangu ugonjwa uanze, na sukuma wiki ndani ya kikapu, akaingia moja kwa moja uani kufua nguo za Rukia. Hodan, kitinda mimba wa nyumba ile, alitaka kumzuia. Nekoye alimsukuma kwa kiwiko. Alipoona maji ya beseni yamekuwa ya rangi gani, akafuta mikono, akaenda kuketi ukingoni mwa kitanda.

"Wanakukata lini?"

"Karibu."

"Karibu ni lini? Wiki jana ulisema karibu. Bima imekataa?"

"Mambo ya karatasi tu, Nekoye."

"Karatasi gani?" Rukia aligeukia ukutani. Nekoye alimtazama mgongo, na taratibu uso wake ukabadilika, maana hakuwa mjinga na hesabu yenyewe haikuwa ngumu. "Wamesema huna," alisema. "Wamesema ulitolewa. Si ndiyo? Ni mimi niko kwa hiyo faili."

"Nyamaza, Hodan anasikia."

"Acha asikie. Mama Hodan, wewe umelala hapa unaoza kwa sababu yangu, na hukuniambia?"

"Ulinipigia magoti."

"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili! Nilikuwa naogopa mama mkwe. Sasa huyo mama mkwe hata haoni vizuri." Nekoye alianza kulia kwa hasira. "Niko na kovu hapa kutoka hapa mpaka hapa. Niko na kidole. Kesho tunaenda."

"Na Nyongesa?"

Nekoye alifuta macho kwa kiganja. Alijua jambo ambalo Rukia hakulijua. Mganga mmoja wa Kimilili alikuwa amemwambia Nyongesa kwamba tatizo ni lake yeye, kwamba mbegu zake zimekufa, naye akaamini, akameza. Alikuwa amekunywa dawa chungu za mizizi kwa miaka mingi, chupa baada ya chupa, akitapika nyuma ya nyumba. Mama yake alipomwambia aoe mke wa pili alikataa, akidhani atamharibia msichana wa watu maisha. Na Nekoye alimwacha aamini hivyo, kwa sababu ilikuwa nafuu kwake. Aibu hiyo ilimla kuliko kovu.

"Nyongesa nitamwambia mimi," alisema.

Alimwambia usiku huo huo. Nyongesa alimaliza chakula chake, akanawa, akauliza swali moja tu: nani alitia sahihi. Asubuhi alifika kazini saa moja kama kawaida, akapakia magunia themanini, akapeleka, akarudi. Kwa wiki tatu zilizofuata hakumwambia Osman neno lisilohusu mzigo.

* * *

Nekoye aliandika maelezo, akaweka kidole; na jibu lilipotoka, Daktari Kituyi alilileta mwenyewe dukani. Alisimama kati ya magunia na bahasha mkononi, na Osman akajua kabla hajaifungua, kwa kuwa mtu mwenye habari njema hupiga simu.

"Faili imesahihishwa," Daktari alisema. "Mji wa mimba wa mwaka wa nane umeandikwa wa Nekoye. Wa Rukia umerudishwa kwake."

"Na operesheni?"

"Wamemsimamisha. Miezi kumi na miwili. Nilikwenda mpaka Nairobi, Osman. Niliwaambia kuhusu kizuizi. Niliwaambia huyo mwanamke angekufa njiani ama mezani kwangu. Kijana mmoja, mtaalamu, mtoto mwerevu sana, akanifungulia kumbukumbu za mkutano. Akanisomea maneno yangu mwenyewe."

"Kila mwizi ana dharura."

"Hayo hayo."

Osman aliipokea bahasha. Mteja aliingia kuuliza bei ya mchele, akajibiwa, akatoka. "Na wewe wamekufanya nini?"

"Mimi wamenipa barua ya onyo." Daktari aliona haya kulisema. "Na chai. Nimetoka kwenye kamati. Wametaka niseme nimestaafu."

"Na sasa unaonaje, hiyo kanuni yenu?"

Swali hili Osman aliliuliza kwa uchungu, hakutaka jibu. Lakini mzee alilijibu, pengine kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa amemuuliza.

"Naona bado kidole ni kizuri. Naona wezi bado wapo, na watapata njia hata ya kidole. Lakini mimi niliandika sheria nikiwa nafikiria wezi tu. Sikumfikiria mgonjwa hata mmoja kwa jina. Mimi, daktari kwa miaka arobaini." Alitikisa kichwa. "Nitampasua mimi. Bure. Mikono bado iko. Lakini chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi, kitanda, na ile mionzi ya baadaye, hiyo hospitali itataka pesa, na siwezi kuwalaumu."

Hiyo ilikuwa laki nne na nusu, na miezi kumi na miwili ya kungoja ilikuwa nje ya kalenda ya Rukia. Osman alitoka mpaka mlangoni. Canter lilikuwa limeegeshwa juani, na Nyongesa alikuwa chini yake akikaza nati.

* * *

Mnunuzi wa Canter alikuwa Gathogo, mfanyabiashara wa mahindi wa Soy. Osman angeweza kumwita aje kulichukua gari mjini, lakini Gathogo alisema akiletewa atalipa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo Nyongesa, ambaye kazi yake ilikuwa inaishia na gari hilo, ndiye aliyelipeleka, na Osman akaketi kando yake.

Walipita Maili Nne. Kisha Nyongesa, macho barabarani, akasema, "Mzee, ile karatasi. Uliandika nini?"

"Niliandika mimi ni mume."

"Na nini ingine?"

"Kwamba nakubali mji wa mimba utolewe."

"Namba yangu ulikuwa nayo."

"Nilipiga. Haikushika."

"Mara ngapi?"

Osman angeweza kudanganya. "Mara moja. Daktari alisema tuna dakika kumi."

Nyongesa alibadilisha gia. "Kwa hizo dakika kumi sina neno. Ningekuwa mimi, ningetia sahihi hata kwa meno. Asante kwa hizo. Lakini hii miaka ingine yote nilikuwa hapa, Mzee. Kwa hii kiti. Nilikuwa nakuomba ruhusa niende Kimilili kuchukua dawa, unanipatia. Mara mbili ulinipatia nauli."

"Tuliapa."

"Mliapa kwa mke wangu. Kwangu hakuna mtu aliapa."

Osman alitazama mashamba ya mahindi. Alikuwa amejiona mtu mwema kwa miaka kumi na saba kwa sababu ya Januari ile, na hakuna siku aliyofikiri kwamba kulikuwa na mtu mwingine wa kuulizwa kuhusu wema ule.

Gathogo alilizunguka gari, akapiga tairi teke, akapunguza elfu arobaini, maana haraka ya muuzaji ilionekana wazi. Osman alikubali. Nyongesa alitoa funguo, akatoa pia kitambaa chake cha kufutia kioo. Pesa ilipoingia, Osman alimpigia Hodan amwambie Daktari kwamba imepatikana, na Hodan akapiga tena baada ya muda kusema operesheni ni Alhamisi, saa mbili. Alikuwa akilia. Osman alimwambia anyamaze, amwambie mama yake ale.

Walirudi mjini kwa gari la abiria. Waliposhuka, Osman alinyoosha mkono kuagana.

Nyongesa hakuupokea. "Na mtoto?"

"Mtoto?"

"Nekoye anasema alikuwa bado hajaamka. Alipoamka hakuonyeshwa. Mlimpeleka wapi?"

Osman aliushusha mkono. "Hospitali walinipatia mimi. Waliniandika baba. Nilimwosha, tukamzika upande wetu, mimi na mtu mmoja wa msikiti. Mji ulikuwa umefungwa, hakukuwa na mahali pengine."

"Twende."

Walikwenda kwa miguu. Makaburi ya Waislamu yalikuwa na nyasi ndefu kwa mvua, na vilima vingi havikuwa na kibao, kwani ndivyo wazee wa Osman walivyozoea kuzika watoto. Osman aliingia kwanza. Alikumbuka ilikuwa karibu na ua, lakini ua ulikuwa umesogezwa tangu zamani. Alisimama mahali, akatikisa kichwa, akaenda hatua kumi, akarudi.

"Alikuwa kijana ama msichana?" Nyongesa aliuliza kutoka nyuma.

"Kijana."

"Mlimpatia jina?"

"Karatasi ya kuzikia ilitaka jina la baba tu."

"Na wakaandika?"

Osman aliendelea kuzitenganisha nyasi kwa mguu. "Waliandika Osman."

Nyongesa alivua kofia. Alisimama hapo akingoja aonyeshwe mahali, na Osman akaendelea kutafuta.